Wale wa M

Wapendwa, leo sikuja kuwabembeleza. Nimekuja na mfano, na mfano wenyewe umenikaa kooni wiki nzima kama mwiba wa samaki. Kaeni vizuri. Nikimtaja mtu anayefanana na jirani yako, usigeuke kumtazama, maana huenda na yeye anatafuta nafasi ya kukutazama wewe.

Kulikuwa na katibu mmoja wa kamati ya misheni, katika usharika mmoja wa kule juu, kwenye baridi na viazi. Kabla ya kustaafu alikuwa mkusanya ushuru wa soko. Mnawajua watu wa ushuru. Mama anatua tenga la kabichi, hajafuta hata jasho, risiti iko mbele ya pua yake. Huyu bwana alikuwa hodari wao. Basi usharika ulipotafuta mtu wa kushika daftari la misheni, alipita kwa kura zote. Wazee wakasema sasa tumepata mtu, huyu hata jiwe atalikamua litoe maziwa. Wakacheka, wakapiga makofi, wakafunga kikao kwa sala.

Nisikilizeni, hakuwa mtu mbaya. Mfano huu ungekuwa mwepesi kama angekuwa mbaya. Usharika wake ulikuwa umemtuma mwinjilisti mmoja kule chini kwenye joto, kwa wafugaji ambao hawajawahi kusikia Injili. Alikwenda na mke wake na watoto watatu, akakaa miaka sita. Katibu aliipenda kazi ile kwa moyo wote. Ripoti ya ubatizo ikisomwa kanisani, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa leso.

Kila mwisho wa mwaka usharika ulikusanya matunzo ya mwinjilisti ya mwaka unaofuata. Wengine walitoa fedha, wengine mahindi, wengine kuku, na vitu vya shambani vilipigwa mnada pale kanisani Jumapili ya Misheni, wiki moja kabla ya Krismasi. Matunzo yakipelea, mwinjilisti angerudishwa nyumbani na kazi ya miaka sita ingeota majani. Mwaka huo Novemba ilifika katikati haijapatikana hata nusu. Katibu alianza kula bila kujua anakula nini.

Akalifungua daftari. Alikuwa amelirithi kutoka kwa mama mmoja aliyelishika miaka kumi na mmoja, ambaye mwezi wa nne alihamia mjini kwa binti yake. Lilikuwa daftari la kawaida, jina la mtu na ahadi yake. Huyu debe la mahindi, yule jogoo, huyu matuta mawili ya viazi. Lakini pembeni mwa baadhi ya majina yule mama alikuwa ameandika herufi moja kwa wino mwekundu. M. Hakueleza kitu kingine. Katibu akahesabu, akakuta wenye M ni kumi na wanne, na karibu wote mwaka ule walikuwa hawajatoa kitu. Akagonga meza kwa kidole. "M," akawaambia wenzake, "ni Mgumu. Hawa ndio wenye mkono wa birika. Mama yule alikuwa mpole, akawaandika akawaacha. Mimi siwaachi."

Kamati nzima ikakubali. Jamani, namba ya simu ya yule mama ilikuwa imeandikwa kwenye jalada la daftari, kwa herufi kubwa. Je, kuna aliyepiga kumuuliza? Hakuna. Walikuwa watu saba, wana simu saba, na wote vocha wanazo za kutumiana picha za harusi. Lakini ukishaamua kuwa mtu ni mgumu, unamuuliza nani tena?

Akaandika barua za namna mbili. Ya watu wa kawaida ilikuwa laini, inaanza na salamu, inaulizia watoto na mifugo, kisha inaomba wasisahau ahadi yao. Ya wale wa M haikuulizia mtu. Ilisema hivi: "Mwinjilisti wetu na watoto wake watatu watalala njaa Krismasi hii kwa sababu ya ahadi ambayo wewe hukuitimiza." Hiyo ilikwenda mara tatu, kila Jumatatu, wiki tatu mfululizo. Nanyi mnaniuliza, ilikuwa kweli? Haikuwa kweli. Chakula cha mwinjilisti cha Desemba kilikuwa kimeshapelekwa, tena katibu mwenyewe ndiye aliyefunga magunia kwa kamba. Alitia chumvi. Akajiambia ni chumvi ya Injili.

Asiyejibu barua alifuatwa mlangoni. Jumamosi, siku moja kabla ya mnada, katibu akapanda mtaa wa juu kumtafuta bibi mmoja mjane, yule wa matuta mawili ya viazi. Kila mwaka bibi huyo alikuwa akilima matuta mawili pembeni mwa shamba lake, hayagusi, anayaita ya mwinjilisti. Mwaka huu hakuleta hata kiazi. Pikipiki ilimwacha katibu chini kwa sababu ya utelezi, akapanda kwa miguu, huku akipanga maneno makali ya kuanzia.

Akapiga hodi. Sauti ikatoka ndani, "Pita, baba. Mlango uko wazi, mimi sina miguu ya kuja kukufungulia."

Akamkuta bibi amekaa kwenye mkeka kando ya mafiga, mguu mmoja ameunyoosha, nyonga imefungwa kanga. Alikuwa ameteleza mwezi wa tatu, palepale kwenye matuta ya mwinjilisti, akivuna. Zahanati ilimwambia aende hospitali kubwa, lakini nani wa kumpeleka? Wanawe wawili wako mbali, mmoja wao hajulikani yuko wapi. Jirani yake, mama mmoja ambaye hata si wa kanisa letu, ndiye aliyekuwa akimletea maji na kumpikia mara moja kwa siku. Kutoka mwezi wa tatu mpaka Desemba. Na jumuiya ilikuwa inasali kila Alhamisi, nyumba ya tatu kutoka pale. Bibi alikuwa anasikia nyimbo zao, na zile anazozijua alikuwa anaitikia peke yake.

Alipomwona katibu, uso wake ukafunguka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Nilijua mtakuja. Nilimwambia jirani, hawa wamechelewa tu, watakuja. Jina langu lina M."

Katibu akamuuliza, M ya nini?

"Mama wa daftari hakuwaambia? Alipokuja kuniaga alinikuta hivi hivi, mguu umevimba. Akalia. Akaniambia, 'Bibi, usihofu, jina lako nimelitilia M. Atakayeshika daftari akiiona tu atajua, maana yake ni Mtembelee.'"

Wapendwa, mmesikia? Mtembelee. Yule mama hakuwa anaorodhesha wagumu. Alikuwa anaorodhesha wagonjwa, waliofiwa, waliofukuzwa kazi, wenye watoto gerezani, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akipita kwao, ana chupa ya chai mkononi. Na hawa ndio walioandikiwa barua kavu mara tatu. Katibu alikaa kwenye kigoda, ile karatasi yake ya majina akaikalia. Majina yale kumi na manne yalimpita kichwani moja moja, na sasa kila moja akalijua kwa nini limo. Huyu alizika mke mwezi wa pili. Yule nyumba yake iliungua. Alikuwa akiyajua mambo haya yote, kama tunavyojua sisi, kwa kuyasikia njiani.

Bibi akamuuliza kama wenzake wako nyuma, na kama wataimba. Katibu akasema amekuja peke yake. Bibi akasema si kitu. Kisha akachomoa barua tatu chini ya mto, zimekunjwa vizuri.

"Hizi nilisomewa na jirani," akasema. "Ile ya kwanza nilimwomba arudie, nikidhani amekosea kusoma. Baba, ni kweli watoto wa mwinjilisti watalala njaa kwa ajili yangu?"

Hapo, wapendwa. Hapo ndipo mahali ambapo mtu huyu angeweza kuokoka. Neno moja lilitosha. Hapana, bibi. Si kweli, nilitia chumvi, nisamehe. Nalo neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini akaikumbuka Jumapili ya kesho, akaikumbuka kamati, akaona aibu ya kuonekana mwongo mbele ya kikongwe.

"Hali ni ngumu, bibi," akasema.

Bibi akatikisa kichwa polepole. Akanyoosha mkono kuonyesha nyuma ya mlango, na pale palikuwa na gunia limefungwa. Akasema jirani amemtolea darini jana, alichukue. Katibu akalishika, akaingiza kidole pale kwenye tundu la gunia. Mtoto wa mkulima hafichwi kitu kama hicho. Viazi vilikuwa vimelingana vyote, saizi ya yai, na kila kimoja kimechipua. Zilikuwa mbegu. Mvua zilikuwa zimeshaanza, na jirani alikuwa ameahidi kumlimia bibi wiki inayofuata. Lile gunia lilikuwa ndicho chakula cha bibi cha mwaka mzima unaokuja, na hakuwa na lingine.

Akamwambia, "Bibi, hizi ni mbegu."

"Najua, baba. Lakini nikae na mbegu ndani, watoto wa watu wafe njaa? Mwakani Mungu atajua."

Je, mngefanyaje? Msinijibu haraka, maana kila mtu ni mwema akiwa amekaa kwenye benchi. Katibu alijiambia kuwa kukataa sadaka ya mtu ni kumdharau. Alijiambia kuwa bibi amebariki, na yeye ni nani azuie baraka? Mnaona jinsi shetani anavyojua maneno yetu ya kanisani? Akasali sala fupi, fupi kuliko zote alizowahi kusali, akalitweka gunia begani, akashuka nalo mlimani. Bibi alimsindikiza kwa wimbo kutoka kule mkekani.

Kesho yake kanisa lilijaa. Kwaya tatu, turubai nje, vipaza sauti vya kukodi. Mwinjilisti mwenyewe alikuwa amekuja likizo, amekaa mbele na mkewe, na watoto wao watatu, mashavu yanang'aa, wanagombania andazi. Ndio hao waliokuwa wanakufa njaa. Katibu akasoma taarifa yake, akasema kwamba mwaka huu hata wale wagumu wamefuatiliwa na wamejibu. Alisema wagumu. Jana yake ameambiwa maana ya M, na leo anasimama madhabahuni anasema wagumu. Watu wakapiga vigelegele.

Mnada ukaanza. Kuku wakaenda, mahindi yakaenda, mbuzi mmoja akagombewa na matajiri wawili mpaka bei ikapanda kwa ubishi. Kisha likaletwa gunia la viazi. Mnadishaji alikuwa mzee mcheshi, akaingiza mkono, akatoa kiazi, akakiinua juu. "Ndugu zangu," akasema, "hiki ni kiazi au beberu? Mbona kina ndevu?" Kanisa zima likaanguka kicheko. Mmoja akapiga kelele kutoka nyuma kwamba atalichukua akalishe nguruwe wake, akataja bei ya nguruwe. Wakacheka zaidi. Katibu naye alicheka. Ndiyo, alicheka, kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka na angeonekana.

Mwinjilisti hakucheka. Alikuwa amezaliwa kwenye viazi kama wao. Akainuka, akakichukua kile kiazi, akakigeuza, akatoa na vingine viwili akavilinganisha. Akauliza nani ametoa gunia hili. Akamgeukia katibu, akamuuliza yeye, na katibu akasema kwa sauti ndogo ni la bibi wa mtaa wa juu, yule wa matuta mawili.

"Bibi yule ni mkulima," mwinjilisti akasema. "Mkulima hatoi mbegu mvua ikinyesha. Mlimwambia nini?"

Katibu akainama kutazama daftari lake. Lakini jirani yake kwenye meza ya kamati, kwa woga tu, akasogeza mbele faili la barua. Mwinjilisti akaichukua ya juu, akaisoma kwenye kipaza sauti, neno kwa neno, mpaka pale pa watoto watatu kulala njaa. Alipofika hapo akawatazama watoto wake, na mdogo wao akaacha kutafuna. Palikuwa hapacheki mtu tena.

Akasema hivi, na hakupandisha sauti. "Nimekaa miaka sita na watu wasiolijua jina la Yesu. Wananiibia mbuzi, wananicheka ninavyoongea lugha yao. Lakini sijawahi kumwona hata mmoja wao akimdanganya kikongwe mgonjwa ili achukue mbegu yake. Nikirudi wakaniuliza kanisa lililonituma likoje, niwaambie nini? Mimi chakula cha namna hii sikitaki. Heri mnirudishe nyumbani."

Kisha akalifunga lile gunia, akaliburuta mpaka kwenye miguu ya katibu. Akamwambia alirudishe lilikotoka, tena kwa bega lile lile.

Katibu akalibeba. Akatoka nalo kanisani katikati ya watu, akapanda mlima na koti lake la Jumapili, utelezi ule ule. Safari hii hakupanga maneno makali. Alipanga maneno ya kuomba msamaha. Alipanga atasema yote, ya barua, ya chumvi, ya wagumu, na ya kicheko kile. Atapiga magoti. Atampeleka hospitali kubwa yeye mwenyewe, hata kwa kukopa. Njia nzima alikuwa akilia na kujiambia kwamba leo, angalau leo, bibi atafurahi kumwona, kama alivyofurahi jana.

Akafika. Akapiga hodi. Bibi akageuza uso, akamwona amesimama mlangoni, amefunikwa na mzigo, hakuutambua ni mzigo gani. Na ule uso uliofunguka jana, leo ulijikunja. Bibi akajivuta nyuma kidogo kwenye mkeka, akakumbatia kapu lililokuwa kando yake. Kabla katibu hajafungua kinywa, bibi akasema:

"Nimebaki na kuku mmoja tu, baba. Naomba mniachie mpaka Krismasi ipite."

Wapendwa, mfano wangu unaishia hapo mlangoni. Mnataka niwaambie kuwa alipiga magoti, bibi akamsamehe, wakanywa chai? Alipiga magoti. Na bibi alimsamehe, maana watu wa namna ile husamehe upesi kuliko tunavyostahili. Lakini kile kitendo cha kukumbatia kapu, nani atakifuta? Siku moja tu ilitosha kumfundisha mcha Mungu yule kwamba mtu wa kanisa akipiga hodi, ficha kuku.

Nasema na sisi sasa. Sisi, si wale wa kule juu. Mwaka huu ndugu mmoja wa humu ndani alilazwa siku arobaini, na kutoka kwetu alipata ujumbe mmoja wa simu. Nimeuona kwa macho yangu. Ulikuwa unamkumbusha ahadi yake. Alikuwa na mpira wa dripu mkononi, akausoma, akaomba ndugu zake wauze redio. Tuna haya? Tunasema kwamba tunawakumbuka wapendwa wetu. Uongo. Hatuwakumbuki, tunawakumbusha! Mtu anatoweka Januari, hakuna anayeuliza. Anatoweka Februari, kimya. Ikifika Desemba ndipo jina lake tunalitamka vizuri mpaka jina la babu.

Na msinielewe vibaya, misheni ni kazi ya Bwana na wamisionari wanakula kama wewe. Lazima tuwatunze, na watoto wao wavae viatu. Sina ugomvi na utoaji. Ugomvi wangu ni na mkono unaojua njia ya kwenda mfukoni mwa mtu na haujui njia ya kwenda kitandani kwake. Mfadhili si bomba. Ni mtu, ana nyonga inayouma. Na yule unayemwita mchoyo, kabla hujalitamka hilo neno, umeshakaa kwenye kigoda chake? Umeona anapikia nini? Kama hujaona, funga mdomo, na ukiweza funga na kalamu.

Tena tusijifariji kwamba kosa ni la katibu. Ile kamati ilikuwa na watu saba. Ile jumuiya ilikuwa inaimba nyumba ya tatu. Na kanisa lililocheka kiazi kile lilikuwa limejaa mpaka nje kwenye turubai. Nani kati yao alikuwa hana miguu? Bibi peke yake.

Basi nasema hivi, na wazee wa baraza watanikasirikia lakini watapoa. Leo hakuna sadaka ya mwisho wa mwaka katika ibada hii. Kwaya, msianze ule wimbo. Watunza vikapu, virudisheni ofisini. Kila mmoja anajua nyumba moja ambayo hajapiga hodi mwaka mzima, na moyo wako umeshakutajia jina wakati nikiongea. Nenda huko. Nenda na unga, au nenda mikono mitupu, lakini karatasi ya ahadi iache hapa kwenye benchi. Ukifika, usiseme umetumwa na kanisa, maana wengine watashika kuku wao. Sema umekuja kumwona, kisha kaa mpaka aamini.

Milango ile, mashemasi, ifungueni yote miwili. Inukeni, twendeni.